Usiikate Bado: Mazungumzo juu ya Alizeti ya Pori

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama mjini Bunia, siku ya kugawa mbegu za mboga. Tumeyaandika karibu sawa vile yalivyosemwa, pamoja na maulizo ya mwisho.



Leo sikuja na makaratasi mingi. Nimekuja na matawi matatu, nimeyaweka hapa mezani, na mbele ya kumaliza nataka kila mtu ayashike, ayavunje, ayanuse. Watu wanayachanganya, na kuyachanganya kuna hasara.

Mtaniuliza, tuna shida ngapi, juu ya nini tukae hapa tuzungumzie kichaka? Ngoja. Tangu mapigano yaliporudi Djugu mwisho wa mwaka 2017, mashamba mingi yamelala. Irumu pia ni vile vile. Mtu anayerudi anakuta nini? Nyumba imeanguka, bati hakuna, muavoka umekatwa ukawa makala, na pale alipokuwa akilima muhogo na maharagi kuna kichaka chenye maua ya manjano kinachompita urefu. Kitu cha kwanza anachofanya, anakamata panga, anakata yote, anachoma. Jioni anajisikia vizuri, juu anaona lopango yake tena. Mimi namwambia: usiikate bado. Uijue kwanza.

Kichaka kile njo alizeti ya pori. Wenye kusoma Kifaransa wanakiita tournesol ya Mexique, na kweli kilitoka kule, Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Kililetwa Afrika kwa ajili ya uzuri wa maua yake, kikatoroka bustanini, kikafuata barabara. Jina lake la sayansi ni Tithonia diversifolia. Neno hilo la pili maana yake ni kwamba majani yake hayafanani, na hapo njo tutaanzia.

Tazameni tawi la kwanza. Jani limegawanyika kama mkono, vidole vitatu, mara nyingine vitano. Lakini haya ya juu karibu na ua, mengine hayana vidole hata kidogo. Kwa hiyo usiangalie jani moja ukaamua. Shuka chini ya tawi, tazama majani matano sita. Yanapanda tawi kwa zamu, moja huku, moja kule, hayasimami wawili wawili. Ukisugua mkononi yanatoa harufu kali. Sasa ua. Mnaona hapa chini ya ua, shina limevimba? Ulibonyeze. Ndani ni tupu, kama tarumbeta ya mtoto. Alama hiyo ni nzuri sana, na ukiipata pamoja na majani ya vidole, usibishane tena na mtu.

Na hiki mnachokiita ua si ua moja. Nimelipasua, lipitisheni. Kila kijiti kidogo cha hapa katikati ni ua kamili lenye mbegu yake. Ni mkutano wa maua uliovaa koti moja. Ukoo mzima wa mmea huu uko hivyo: alizeti ya mafuta, saladi tunayokula, na tawi la pili hapa mezani.

Alizeti ya mafuta haina shida kuitofautisha. Inasimama na shina moja, inabeba kichwa kikubwa, jani lake ni kama moyo, na ikitoa mbegu inakufa. Ya pori haifi. Ukiikata inachipuka, na kila mwaka inaongeza matawi kutoka kwenye kisiki kile kile.

Shida iko kwenye tawi hili la pili. Hii ni ile wengi wetu tunaita kongo bololo, wenzetu waliokaa Uganda wanasema mululuza. Jina la sayansi ni Vernonia amygdalina. Jani lake ni refu, zima, halina vidole. Maua yake ni madogo meupe, yamejaa pamoja kama kishada, hayana zile kingo za manjano. Ikiachwa inakuwa mti wenye gome. Ukiwa umeshika matawi yote mawili huwezi kukosea. Lakini watu hawashiki matawi, wanashika majina. Na mimea yote miwili ni michungu. Kule magharibi mwa Kenya, Waluhya wanaiita alizeti ya pori maua amalulu, maana yake maua machungu. Sasa mtu ametoka kambini, amekaa miaka na watu wa lugha tano, anasikia “chemsha ule mti mchungu wa kando ya barabara, homa itaisha.” Mti gani? Kila mmoja anaelewa wake.

Kongo bololo inajulikana kama dawa tangu mababu, na hata nyama wa pori wanaijua. Mwaka 1987, kwenye milima ya Mahale, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mtanzania Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa akimenya tawi la mti huo na kufyonza maji yake machungu. Kalunde aliutambua palepale, kwao ni dawa ya tumbo. Mimi napenda habari ile. Lakini ni habari ya tawi la pili, si ya tawi la kwanza. Alizeti ya pori nayo watu pahali pengi wanaichemsha kwa ajili ya malaria. Majaribio yaliyofanywa na panya yameonyesha kwamba maji ya majani yake yanaweza kuharibu figo na ini. Mtoto wako si panya, sawa, lakini ana figo. Mtoto mwenye homa apelekwe kwenye santé, apimwe, apewe dawa ya malaria inayohesabika. Sisemi haya kwa kuwadharau wazee wetu. Nasema wazee wetu walijua mti kwa mti, na sisi vita ilitutawanya mbele hatujamaliza kufundishwa.

Tawi la tatu ni alizeti ya pori tena, lakini la zamani. Mnaona tofauti? Hili limetoka kwenye kisiki kinene, lina makovu ya panga, yale ya mzee aliyekuwa akilipunguza kila mwaka. Nimelileta kwa sababu ya jambo ambalo kwangu ni zito kuliko dawa na kuliko mbolea.

Kiswahili chetu kina ua la kunusa na kina ua wa kuzunguka nyumba. Mmea huu ni vyote viwili. Wengi wa wazazi wetu waliupanda kwenye mpaka, kwa kuwa hauombi pesa na mbuzi hauvunji. Watu wakakimbia. Nyumba ikaanguka, mti wa matunda ukakatwa, jiwe la mpaka likafukiwa na majani. Uzio haukukimbia. Uko pale, na mara nyingine njo shahidi peke yake aliyebaki kati ya wewe na jirani yako. Sasa wewe siku ya kwanza unamkata shahidi, unamchoma moto. Kesho jirani anarudi kutoka Uganda, anasema mpaka ulikuwa hatua kumi upande huu. Utamwonyesha nini? Majivu?

Lakini shahidi huyu ana watoto mingi, na watoto wanaweza kudanganya. Mbegu zake ni nyepesi, zinakwenda na upepo, maji, miguu ya ng'ombe. Kwa hiyo si kila kichaka cha manjano ni mpaka. Ingia ndani polepole na utafute visiki. Kile kilichopandwa na mtu kiko kwenye mstari, kisiki ni kinene, shina mingi zinatoka pahali pamoja, na chini karibu na udongo kuna makovu ya kukatwa kitambo. Kilichojipanda chenyewe ni chembamba, kimetawanyika, hakina mstari. Ukipata visiki vitano sita vinavyofuatana, simama hapo. Mwite jirani kama amerudi. Kama hajarudi, mwite mtu wa familia yake. Mwite shefu wa localité, na wazee wawili wa pande zote mbili, ninasema pande zote mbili, hata kama ni wa kabila lile ambalo hamkusalimiana tangu miaka. Watazame pamoja. Pigeni vijiti, pimeni kwa hatua, andikeni kwenye daftari, watu watie saini au dole. Piga picha kama una simu. Nyuma ya hapo njo ukate.

Na msinielewe vibaya: uzio si karatasi. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na mbele ya tribunali visiki peke yake havitakupa haki. Vinachofanya ni kuwasaidia watu wawili wakubaliane mbele ya kufika tribunali. Kwetu hapa tunajua bei ya kutokubaliana.

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Kati yenu kuna wale ambao hawajarudi bado, mnakaa hapa Bunia, mnalima kwenye shamba la kukodi au la kuombwa. Ninyi hapana kupanda alizeti ya pori kwenye mpaka wa shamba lile. Muhogo unang'olewa kwa mwaka, lakini mmea unaokaa miaka, mwenye shamba akiuona anasema, huyu sasa anataka kubaki. Na ana haki ya kufikiri vile, kwani kwetu kupanda mti ni kusema “hapa pangu.” Kateni majani kando ya barabara, kwa ruhusa.

Sasa tufike kwenye udongo, juu wageni wetu nao wanangojea sehemu hii, kila msimu wanatuuliza kama wanunue mbolea ya kizungu au hapana.

Majani mabichi ya alizeti ya pori ni chakula kizuri cha udongo. Miaka ya 1990, watafiti wa ICRAF pamoja na wenzao wa Kenya, KARI na KEFRI, waliyapima sana kule Maseno na jirani zake, pahali penye mashamba madogo na udongo uliochoka kama kwetu. Majani yakikaushwa kabisa, kila kilo 100 zina azoti kilo 3 na nusu hivi, potasi kilo 4 hivi, na fosfori kama gramu 370. Azoti ni ile wenzetu wa Kenya na Uganda wanaita naitrojeni, njo inayofanya mboga iwe kijani. Na yanaoza haraka. Ukiyafukia mabichi, kiasi cha nusu ya azoti inatoka katika wiki moja hivi. Kinyesi cha ng'ombe hakina mbio hiyo, na ng'ombe wenyewe mnajua walienda wapi.

Watu wakisikia hivi wanaruka, wanasema basi tumepata mbolea ya bure kwa mashamba yote. Hapana. Fanyeni hesabu pamoja nami. Kiasi kinachosaidia vizuri ni kama tani 5 za majani makavu kwa hekta. Lakini majani unayabeba mabichi, na sehemu nne kati ya tano ni maji, hata zaidi. Kwa hiyo ni tani 25 mbichi. Mama anabeba kilo 25 kichwani. Hiyo ni safari elfu moja kwa hekta moja. Nani atazibeba? Mtu akikuambia utie majani haya kwenye shamba lako lote la mahindi, mwambie aje na kichwa chake.

Sasa geuza hesabu. Tuta moja la mboga, mita 10 urefu na mita 1 upana, linataka mzigo mmoja tu wa kilo 25. Mzigo huo unabeba azoti sawa na ile iliyo ndani ya gramu 380 za urea, na juu yake potasi, na majani yenyewe yanafanya udongo ushike maji. Mama mwenye matuta manne, mizigo minne. Hiyo inawezekana hata katika wiki ya shida. Weka kwenye lengalenga, kwenye nyanya, kwenye shu, vitu vinavyoenda sokoni na kurudi na pesa. Kule Kenya pia walikuta vile vile, majani haya yanalipa jasho lake kwenye mboga, kwenye mahindi jasho linashinda faida.

Kwa wageni wetu basi, maoni yangu ni haya. Kwa bustani, msitununulie urea, tununulieni mapanga mazuri, mikokoteni ya gurudumu moja, na mbegu. Kwa mashamba makubwa ya mahindi na maharagi, msituambie tutumie kichaka kwa sababu kinapendeza kwenye picha. Kule bado tunahitaji mbolea nyingine, hasa ya fosfori, juu majani haya yana fosfori kidogo. Na tujue pia kwamba mmea huu hauundi azoti kutoka hewani sawa maharagi. Unaokota udongoni pahali unapoishi, wewe unahamisha. Ukikata uzio ule ule miaka kumi bila kuurudishia kitu, uzio nao utachoka. Mwage majivu na takataka za jikoni chini yake.

Kupanda ni rahisi hata watoto wanaweza. Ngoja mvua ikamate, ile ya Machi au ile ya Agosti. Chagua tawi lililoanza kukomaa, si laini sana, si kuni. Kata vipande vya sentimita 20 mpaka 40, kila kipande na macho matatu au manne. Chomeka kimesimama au kimeinama, nusu yake ndani ya udongo, macho yakitazama juu. Usikilaze na kukifukia kama muhogo, vilivyolazwa vinashindwa mara mingi. Acha nusu mita kati ya kimoja na kingine. Ukikata leo panda leo, au vilale kivulini usiku mmoja na majani ya ndizi juu yake. Mbegu pia zinaota, lakini ukizifukia chini sana hazitoki. Zimwage juu, funika na mchanga kidogo na nyasi. Mimi siangaiki na mbegu. Chini ya kichaka kikubwa, nyuma ya mvua, kuna miche mingi, ng'oa na udongo wake, hamisha.

Mwaka wa kwanza uache mizizi ikamate. Nyuma ya hapo, ukifika urefu wa mtu, kata kwenye goti, kiasi cha nusu mita kutoka chini. Chukua majani na ncha laini, shina ngumu acha zikauke, ni kuni za kuwashia moto. Katakata majani kwa panga, tandaza kwenye tuta, changanya na udongo wa juu, kiisha panda au hamishia miche nyuma ya wiki moja. Na kata mbele maua hayajafunguka. Mkingoja maua, mbegu zitamwagika shambani kwa jirani, na jirani atakuwa na haki ya kukasirika. Pahali ambapo mmea huu haujafika, usiupeleke.

Kitu kingine, usiupande karibu na jiko wala karibu na gala. Uzio mnene usiokatwa ni nyumba ya panya, na sisi watu wa Ituri hatuhitaji kufundishwa tauni ni nini. Uzio uwe mbali na nyumba, uwe mfupi, chini pafagiliwe.

Maulizo

Mama mmoja aliuliza kama mbuzi wanaweza kula.

Wanakula, mama, hasa majani laini. Lakini usifanye kuwa chakula chao chote. Changanya na majani ya viazi, nyasi, maganda ya ndizi. Mbuzi mwenyewe akikataa, usimlazimishe.

Kijana mmoja aliuliza kuhusu kuloweka majani kwenye maji, alivyoona kambini Uganda.

Inafaa. Majani yaliyokatwa kwenye bidon au pipa, maji juu, funika, koroga kila siku mbili, wiki mbili. Itanuka, usiogope, lakini usiweke karibu na mlango wa jirani. Ongeza maji mpaka rangi iwe ya chai isiyokolea. Mwaga kwenye udongo, chini ya mmea, si juu ya majani ya mboga unayoikata kesho.

Mzee mmoja alisema: uzio wa kwake ulikatwa na watu waliokalia shamba, visiki vyote viling'olewa. Afanye nini?

Mzee, tafuta mbele mvua haijaanza. Alizeti ya pori iking'olewa vibaya inaacha mizizi, na nyuma ya mvua mbili tatu utaona machipukizi kwenye mstari. Tembea na mtu asiye wa familia yako, ili asiseme mtu kwamba ulipanda usiku. Kama hakuna kitu, bado kuna wazee. Tutakwenda watatu kutoka chama, tuwasikilize wazee wa pande zote mbili, tuandike. Tuambie siku.

Vipandikizi viko nyuma ya jengo, kivulini. Kila nyumba ichukue kumi, wenye shamba la kukodi wachukue majani tu. Mkipita hapa mezani shikeni yale matawi matatu, na kila mmoja aniambie lipi ni lipi mbele ya kutoka.